Homa Baada ya Kemo Haisubiri Asubuhi
Kijitabu cha nyumbani kwa familia zenye mama anayetibiwa saratani ya ovari, Mkula na vijiji jirani

KIJITABU HIKI NI CHA NANI

Ni cha yule anayelala nyumba moja na mgonjwa: mume, binti, wifi, mkwe, hata mjukuu anayejua kusoma. Mgonjwa mwenyewe kuna siku atakosa hata nguvu ya kushika karatasi. Kwa hiyo soma wewe, tena soma kwa sauti, wengine wasikie.

JAMBO LA KWANZA

Mwili ukifika nyuzi 38, nenda hospitali. Usiku huohuo.

KWA NINI TUNASEMA HIVYO

Huku kwetu kandokando ya ziwa, mtu akichemka tunasema malaria. Anatumwa mtoto duka la dawa, analeta mseto na panadol, mgonjwa anameza na kufunikwa blanketi, tunasubiri kukuche. Kwa mtu aliye kwenye kemo, yaani dawa za saratani za dripu, kusubiri huko kunaua. Wanaletwa asubuhi wakiwa hawajitambui, na ndugu wanasema, "Jana jioni ilikuwa homa tu."

Kemo inapiga saratani, lakini inapunguza na kinga ya mwili. Siku za hatari zaidi huwa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Zizungushie alama kwenye kalenda ya ukutani. Katika siku hizo mdudu mdogo wa kawaida anaweza kuingia kwenye damu na kummaliza mtu kwa saa chache.

Panadol usimpe kabla hajapimwa joto. Inashusha joto na kuficha hatari. Nyumba nzima inafurahi kwamba kapata nafuu, kumbe ugonjwa unaendelea. Usimpe mseto wa dukani. Usimpe vidonge vilivyobaki vya mtoto. Kama ni malaria, hospitali wataipima na kuitibu. Na hata kipimo kikionyesha malaria, bado apelekwe, kwa sababu anaweza kuwa na vyote viwili.

Akitetemeka kwa baridi, ondokeni hata kama kipimajoto hakijafika 38. (Kipimajoto kinauzwa duka la dawa. Kinunueni kabla ya dripu ya kwanza.)

MKIFIKA HOSPITALI

Sentensi ya kwanza, kabla ya jina na kabla ya kadi: "Huyu yuko kwenye kemo, dripu ya mwisho ilikuwa tarehe fulani, na ana homa." Msikae kwenye foleni. Anatakiwa kupata dawa ya kuua vijidudu kwenye mshipa ndani ya saa moja.

Nendeni hospitali iliyo karibu. Aliye Mkula aanzie Hospitali ya Mkula. Aliye upande wa Bariadi aende hospitali ya rufaa ya mkoa. Msisubiri basi la alfajiri la kwenda Mwanza eti kwa sababu faili lake liko Hospitali ya Bugando. Bugando watapigiwa simu wakati dripu inaendelea.

UGONJWA WENYEWE

Saratani ya ovari hujionyesha hivi: tumbo linajaa, nguo zinabana kiunoni, matonge mawili tu ameshiba, mkojo kila mara, maumivu chini ya kitovu. Wiki zinapita, huyu anasema vidonda vya tumbo, yule anasema karogwa. Mama mwenye dalili hizo karibu kila siku kwa wiki tatu apigwe picha ya ultrasaundi. Kile kipimo cha mlango wa kizazi hakioni ovari. Aliyeambiwa yuko salama mlango wa kizazi asidhani kamaliza.

POTI

Wengi hutibiwa kwa kanula ya mkononi, yaani mrija mdogo unaoingizwa kwenye mshipa, na dawa inafika vizuri. Ambaye mishipa yake inasumbua anaweza kuwekewa poti: kifaa kidogo kinachokaa chini ya ngozi ya kifua, karibu na mtulinga, chenye mrija unaoingia kwenye mshipa mkubwa. Ni upasuaji mdogo, mara nyingi wa ganzi. Kidonda kikipona anaoga, anapika, hakuna kinachoning'inia nje.

Poti ina sindano yake maalumu. Sindano ya kawaida inaitoboa na kuiharibu, kwa hiyo mwambieni muuguzi wa zahanati, kwa heshima, asiichome kama hakufundishwa. Kipindi ambacho haitumiki inatakiwa kusafishwa. Ulizeni tarehe, msiondoke bila kujua. Mahali pa poti pakiwa pekundu, pakivimba, pakitoa usaha, shingo au mkono ukivimba, au mama akitetemeka baada ya poti kusafishwa: hospitali, siku hiyohiyo.

Poti au kanula, dawa ikianza kuwaka au kuvimbisha wakati dripu inaingia, apige kelele. Uvumilivu hapo si sifa.

MIZUNGUKO

Dawa zinazotumika sana ni mbili, karboplatini na paklitaseli, kila baada ya wiki tatu, mara nyingi mizunguko sita. Wengine hupasuliwa kwanza, wengine katikati. Kila mara damu hupimwa. Ikiwa chini, dripu inaahirishwa, na hilo ni jambo la kawaida. Lisilo la kawaida ni familia kuahirisha yenyewe kwa sababu pamba imeiva au mama anaonekana mzima. Nauli ikikosekana, mwoneni afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya tarehe kupita.

NYWELE

Zitanyonyoka. Zitaota tena.

NYUMBANI

Saratani haiambukizi. Kuleni naye, mkumbatieni. Ila kwa saa 48 baada ya dripu mkojo, kinyesi na matapishi yake yana dawa: vaeni glavu, funikeni choo, nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake, mjamzito asizishike. Mume atumie kondomu siku hizo.

Maji yachemshwe. Maziwa mabichi hapana, hata yakitoka kwa ng'ombe wenu wenyewe. Samaki na nyama viive kabisa. Asifagie zizi. Wageni watakuja kwa makundi, ndiyo desturi yetu. Mwenye mafua asalimie kutoka mlangoni. Miguu ikifa ganzi avae viatu hata uani, na amwambie daktari.

Mitishamba asichanganye na kemo. Aliyekwisha kunywa aseme, hatagombezwa.

Mambo mengine ya kukimbilia hospitali: kutapika hadi maji hayakai, kutoka damu, kubanwa pumzi, mguu mmoja kuvimba, tumbo kuvimba bila kutoa choo wala hewa. Na homa. Homa ya 38, hata saa nane ya usiku, hata mvua ikinyesha.

JAZENI HAPA LEO, MBANDIKE MLANGONI

Tarehe ya dripu ya mwisho: ............
Siku ya 7 hadi ya 14: ............
Simu ya wodi ya saratani: ............
Bodaboda au jirani mwenye gari aliyekubali kuja usiku: ............
Nauli ya usiku imewekwa wapi: ............