Ukilipia Hila Sokoni, Fedha Yako Ataitetea Nani?

Kijitabu hiki kinamhusu mwenye hisa, anayetarajia kununua, na mwenye kampuni anayefuatwa na "wataalamu" wa kupandisha bei. Tunasema wazi: usiwalipe. Kazi yao ni jinai, na makubaliano yenu hayana nguvu kisheria.

Bei inavyochezewa

Chukua mfano wa hisa isiyouzwa mara kwa mara, bei yake shilingi 500. Mtu mmoja anafungua akaunti mbili kwa majina ya ndugu zake. Leo akaunti ya kwanza inaiuzia ya pili kwa 510. Kesho ya pili inairudishia ya kwanza kwa 520. Hisa hazijatoka mikononi mwake, ila ubao wa soko unaonyesha bei inapanda. Kwenye makundi ya WhatsApp unasambazwa uvumi kwamba kampuni inakaribia kupata mkataba mkubwa. Bei ikifika 640 wananchi wananunua, naye anauza zote. Anayebaki na hasara ni mwalimu au mama lishe aliyeweka akiba yake humo.

Wengine hufanya biashara kwa taarifa za ndani ambazo umma haujazipata. Nchini Tanzania, Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (Sura 79) inakataza yote mawili.

Aliyefanya kazi hiyo anaweza kudai ujira?

Hapana. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Mikataba (Sura 345) kinasema makubaliano yenye lengo au malipo haramu ni batili. Msimamo huu una mizizi mirefu. Mwaka 1725 nchini Uingereza, mnyang'anyi wa barabarani alimshtaki mwenzake akidai mgawo wa mapato yao. Mahakama ilitupilia mbali dai hilo, na mawakili waliolipeleka wakaadhibiwa.

Na aliyelipa, atarudishiwa?

Hapa jibu si jepesi. Katika kesi ya Uingereza ya Patel dhidi ya Mirza, mdai alitoa pauni 620,000 ili mwenzake abashirie bei ya hisa za benki ya RBS kwa kutumia taarifa za ndani. Taarifa zilizotarajiwa hazikuja, ubashiri haukufanyika, na fedha hazikurudishwa. Mahakama Kuu ilimkatalia mdai. Mahakama ya Rufani ikamkubalia. Tarehe 20 Julai 2016, majaji tisa wa Mahakama ya Juu ya Uingereza waliamua arudishiwe. Wengi wao walitazama lengo la sheria iliyovunjwa, maslahi mengine ya umma, na kama kumnyima fedha zake kungekuwa adhabu iliyopita kiasi.

Usiisome hukumu hiyo kama bima. Alirudishiwa alichotoa, si faida aliyoahidiwa, na mpango wenyewe ulikuwa haujatekelezwa. Isitoshe, mahakama zetu zinaweza kuizingatia hukumu ya Uingereza, lakini hazifungwi nayo.

Fanya hivi

- Nunua na uza hisa kupitia dalali mwenye leseni. Hakikisha jina lake kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kabla ya kutoa hata shilingi.
- Anayekuahidi faida ya uhakika au "siri ya kampuni", mkatae.
- Kabla ya kununua hisa inayopanda ghafla, soma hesabu na matangazo rasmi ya kampuni. Ukikosa sababu ya kupanda huko, subiri.
- Kama umeshalipa, usiongeze fedha. Jitoe mapema, hifadhi jumbe na kumbukumbu za miamala ya simu, kisha mwone wakili, kwa kuwa nawe unaweza kuwa umetenda kosa.
- Ukishuhudia hila, toa taarifa kwa Mamlaka, Soko la Hisa la Dar es Salaam au polisi.

Bei ya haki humlinda mwenye hisa 100 sawasawa na mwenye hisa milioni moja. Anayelipia bei ya uongo anawaibia wawekezaji wenzake, na fedha aliyotoa anaiweka mahali ambapo huenda hata mahakama isimsaidie kuirudisha.