Somo: Mvua Wakati wa Mavuno – Nani Alipie Maji Yaliyomo Guniani?



Somo hili lahusu jambo ambalo kila mkulima wa Morogoro amekwisha kuliona. Mahindi yamekomaa, mabua yamekauka, watu wa kuvuna wapo, lakini mvua haikatiki. Mkulima akingoja, punje huota zikiwa bado katika magunzi. Akivuna, huleta ghalani mahindi yenye maji. Kwa vyovyote hasara ipo.

Shabaha ya somo ni kuonyesha hasara hiyo hutoka wapi, hupimwaje, na hugawanywaje kati ya wanachama wa chama kimoja. Hili la mwisho ndilo kubwa. Hasara isiyopimwa haipotei. Hubebwa na mtu, na mara nyingi hubebwa na yule asiyeisababisha.

1. MVUA ZETU NA MAJIRA YA MAVUNO

Tunazo mvua za vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, na mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei. Mahindi ya masika huvunwa Julai na Agosti, wakati jua lipo katika sehemu nyingi za tambarare. Mahindi ya vuli huvunwa kuanzia Januari, na mkulima aliyechelewa kupanda huyakuta masika yakibisha hodi.

Milima ya Uluguru nayo ina tabia yake. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi huupiga kwanza upande wa mashariki na kuuachia maji yake. Ndiyo sababu miteremko ya huko, kama ya Kinole na Matombo, hupata mvua karibu kila mwezi, na mahali pengine mvua ya mwaka huzidi milimita 2,000. Mji wa Morogoro, ulio chini ya milima hiyo hiyo, hupata chini ya nusu ya kiasi hicho. Kwa hiyo wanachama wawili wa chama kimoja, mmoja wa mlimani na mwingine wa tambarare, waweza kuvuna juma moja, mmoja akaleta nafaka kavu na mwingine nafaka mbichi, bila yeyote kuwa mvivu.

2. MAJI HUHARIBUJE NAFAKA?

Punje ni kiumbe hai, hupumua. Ikiwa na maji mengi hupumua kwa nguvu zaidi, nayo hutoa joto na unyevu. Ingiza mkono katikati ya gunia la mahindi mabichi lililokaa siku chache, utalisikia joto hilo. Joto na unyevu huwafaa kuvu na wadudu, hata gunia lililo jirani hupata madhara. Wahenga walisema samaki mmoja akioza huoza wote. Ghalani ni vivyo hivyo.

Katika viwango vya Afrika Mashariki, unyevu wa mahindi ya biashara haupasi kuzidi asilimia 13.5. Mahindi yanapokomaa tu shambani, unyevu wake huwa karibu asilimia 30 au zaidi. Safari ya kutoka 30 hadi 13.5 ndiyo kazi ya kukausha, na mvua huikatiza.

Mpunga nao una hasara yake. Punje iliyokauka ikanyeshewa, kisha ikaanikwa tena juani, hupata nyufa ndani ya ganda. Nje haionekani kitu. Mashineni ndiko siri hufichuka, kwani mchele hutoka chenga nyingi, na chenga huuzwa kwa bei ndogo. Mpunga uliorundikwa ungali mbichi hupata joto, na mchele wake hugeuka rangi ya manjano.

Lakini hasara iliyo mbaya kuliko zote ni ya afya. Baadhi ya kuvu hutengeneza sumu iitwayo sumukuvu, inayodhuru ini. Kuvu hao huweza kuanza shambani, hasa mmea ukipata ukame, kisha wakastawi nafaka inapohifadhiwa na unyevu. Sumu hiyo haiishi kwa kupika ugali wala kwa kuchemsha uji. Nchini Kenya mwaka 2004 watu 317 waliugua kwa sumukuvu katika sehemu za mashariki, na 125 kati yao walifariki. Kuhifadhi mahindi mabichi majumbani kulikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Hapa kwetu, mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliugua watu 68 na 20 wakafariki.

Mambo hayo yatufunze neno moja. Gunia lililokataliwa na mnunuzi halitupwi. Hurudi nyumbani likaliwa na watoto. Kwa hiyo ubora wa nafaka si shauri la soko peke yake.

3. HESABU YA MAJI

Wako wanachama wasemao, "Nikikausha napoteza uzito, afadhali niuze na maji yake." Tusiwacheke, kwani nusu ya maneno yao ni kweli. Tufanye hesabu.

Kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 18 zina kilo 18 za maji na kilo 82 za nafaka yenyewe. Yakikaushwa hadi asilimia 13.5, zile kilo 82 zitakuwa asilimia 86.5 ya uzito mpya. Kanuni yake ni hii:

Kilo kavu = kilo zilizopimwa × (100 − unyevu) ÷ 86.5

Kwa kanuni hiyo, kila kilo 100 zilizoletwa hubaki hivi zikikaushwa:

Unyevu asilimia 15 – kilo 98.3
Unyevu asilimia 16 – kilo 97.1
Unyevu asilimia 18 – kilo 94.8
Unyevu asilimia 20 – kilo 92.5
Unyevu asilimia 22 – kilo 90.2
Unyevu asilimia 25 – kilo 86.7

Sasa tuweke bei za mfano tu. Tuseme mahindi mabichi yanunuliwa shilingi 500 kwa kilo, na makavu shilingi 600. Mwenye kilo 100 za unyevu wa asilimia 18 akiuza mabichi hupata shilingi 50,000. Akikausha hubaki na kilo 94.8, naye hupata shilingi 56,880. Faida ni shilingi 6,880, ambayo itolewe gharama ya kukausha. Lakini bei ya makavu ikiwa shilingi 520 tu, atapata shilingi 49,296, yaani pungufu ya alichokuwa nacho. Katika mfano huu, bei ya makavu ikipita shilingi 528 ndipo kukausha kunaanza kulipa. Katibu mwema huifanya hesabu hii kila msimu kwa bei zilizopo, akaibandika ukutani. Na mkulima asisahau kwamba bei ya leo kwa mahindi mabichi haingoji kesho: hayo hayawekeki, kwa hiyo mwenye nayo huuza kwa haraka, na mnunuzi hulijua hilo.

4. HAKI KATI YA WANACHAMA

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Shirika la Usagaji la Taifa lilinunua mahindi kwa bei moja iliyotangazwa kwa nchi nzima. Siku hizi wanunuzi ni wengi, nao huja na kipima unyevu mkononi. Chama kinachouza kwa pamoja bila kukagua mlangoni huchanganya mahindi ya wote, kisha hukaguliwa kama mtu mmoja.

Tazama mfano. Mwanachama wa kwanza ameleta kilo 1,000 zenye unyevu wa asilimia 13.5, ameanika, amegeuza, amekimbia kuanua kila wingu lilipotanda. Wa pili ameleta kilo 1,000 zenye unyevu wa asilimia 18. Katibu amepima uzito tu, akaandika kilo 1,000 kwa kila mmoja. Chama kikalazimika kukausha mzigo wote, ukabaki kilo 1,948. Wakigawana sawa, kila mmoja hulipwa kilo 974. Lakini kwa haki wa kwanza alistahili kilo 1,000, na wa pili kilo 948. Kilo 26 za jasho la wa kwanza zimehamia kwa wa pili. Kwa bei yetu ya mfano ya shilingi 600, ni shilingi 15,600, bila kuhesabu siku zake za kuanika.

Hakuna aliyeiba. Hata hivyo, msimu ujao mwanachama wa kwanza atafanya moja kati ya mawili: ataacha kukausha, au atamwuzia mlanguzi barabarani. Katika yote mawili chama kimempoteza mkulima wake bora. Vyama hufa hivyo, kimya kimya, bila fedha hata moja kukosekana katika sanduku.

Itaulizwa: Je, ni haki kumkata mama mzee wa mlimani, asiye na turubai, kwa kosa la mvua? Swali hili ni la haki, wala lisijibiwe kwa ukali. Kumsaidia ni wajibu wa ushirika. Lakini msaada utolewe waziwazi, kwa uamuzi wa mkutano, uandikwe katika vitabu: turubai la chama liazimwe kwanza kwa walio upande wa mvua, sakafu ya kuanikia ijengwe kwa mchango wa wote, kijana mwenye nguvu apangwe kumsaidia kubeba. Msaada uliofichwa ndani ya mizani humfaidia pia mjanja aliyenyunyizia maji gunia lake, nao hulipwa na yule asiyeulizwa.

5. KAZI YA MKULIMA

(a) Sikiliza utabiri wa msimu utolewao na Mamlaka ya Hali ya Hewa, ukachague mbegu ya kukomaa kwa muda unaolingana na mvua zako. Mbegu ambayo maganda yake hufunika hindi hadi nchani huvumilia mvua zaidi.

(b) Mahindi yakikomaa, usiyaache shambani kuwa ndiyo ghala. Yavune, ukayatandaze mahali penye hewa. Palipo na mvua nyingi, jenga kihenge chembamba cha fito, upana usiozidi sentimita 60, kiinuliwe kutoka chini, kikabili upepo, na kiezekwe vizuri. Hewa hukausha hata jua likikosekana.

(c) Usipukuchue mahindi mabichi kwa mashine wala kwa fimbo. Punje huvunjika, na punje iliyovunjika ni mlango wa kuvu.

(d) Anika juu ya turubai au kichanja, kamwe si juu ya udongo. Unene wa nafaka usizidi sentimita 5, na igeuzwe mara kwa mara.

(e) Chambua. Punje zilizoota kuvu, zilizobadilika rangi au zilizosinyaa ziondolewe. Zisipelekwe kwenye pombe wala zisipewe kuku: sumukuvu huwadhuru pia wanyama, na huingia katika maziwa ya ng'ombe.

(f) Mifuko isiyopitisha hewa ni kinga nzuri ya wadudu, ila ni kwa nafaka iliyokwisha kukauka. Haikaushi kitu.

Asiye na kipima unyevu atumie chupa na chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi hadi robo yake, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokauka kabisa, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha acha kwa dakika 15. Chumvi ikigandama kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Isipogandama, unyevu u chini ya hapo. Lakini kumbuka kwamba 15 si 13.5. Endelea kuanika, kisha uhakikishe kwa kipimo cha chama.

6. KAZI YA KATIBU NA BODI

(a) Kabla ya mavuno, mkutano mkuu upitishe jedwali la kutoa maji, nalo libandikwe mlangoni pa ghala. Sheria iliyopitishwa wakati wa jua haileti ugomvi wakati wa mvua.

(b) Sampuli ichukuliwe kwa bambo kutoka kila gunia, juu, katikati na chini. Kipimo kisomwe mbele ya mwenye mali, na kiandikwe katika stakabadhi yake pamoja na uzito.

(c) Mwenye mahindi mabichi apewe uchaguzi: arudi nayo akakaushe, au yapokelewe kando kwa kilo kavu na kwa kulipia ukaushaji. Yasichanganywe na makavu hata kwa usiku mmoja.

(d) Magunia yapangwe juu ya chaga, mbali na ukuta, na bati linalovuja lizibwe kabla ya msimu.

(e) Mahindi ya mwenyekiti, ya katibu na ya jamaa zao yapimwe kwa bambo lile lile.

7. MASWALI YA KUJADILI

1. Mwanachama ameleta kilo 600 zenye unyevu wa asilimia 20. Aandikiwe kilo kavu ngapi? (Jibu: kilo 555, kwa kukaribia.)
2. Msimu uliopita, ni magunia mangapi ya chama chenu yalikataliwa au kupunguziwa bei? Hasara ilibebwa na nani?
3. Ni wanachama gani wanaokaa upande wa mvua, na chama kimewapa msaada gani ulioandikwa katika vitabu?

Katibu asome somo hili katika mkutano wa wanachama, na swali la pili lijibiwe kwa vitabu vya chama vikiwa wazi mezani.