Duka Lilitangaza Furaha, Nyumba Ina Msiba

Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Katandala, Sumbawanga. Nasaga na kufunga unga wa ulezi na wa dona, na msimu ukifika nauza maharage. Mwaka jana mdogo wangu wa kiume alirudi kutoka chuoni, akaniambia biashara isiyokuwa mtandaoni haiendi popote. Akanifungulia Facebook na Instagram, akaniunganisha na programu inayopanga posti za mwezi mzima na kuzirusha yenyewe. Nalipa shilingi 65,000 kwa mwezi. Posti zinatoka tatu kila siku. Wafuasi wameongezeka, wengi wa Dar es Salaam na Mwanza, lakini mauzo yako pale pale.

Mwezi uliopita baba mkwe alifariki. Tukiwa msibani Laela, siku ya kuzika, akaunti yangu ikatoa tangazo lenye picha yangu nikicheka: “Wiki ya furaha, cheka na bei zetu!” Mawifi zangu waliliona tukiwa wote chini ya turubai. Tangu siku hiyo hawanisemeshi. Mume wangu hajanilaumu, ila amekuwa kimya. Mama mkwe anasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mdogo wangu naye amenuna kwa sababu nilimfokea. Nifunge kila kitu, nirudi kuwauzia majirani tu?

Mama Unga, Katandala

*

Mwanangu, pole kwa kuondokewa na mkwe, na pole kwa kulibeba jambo hili mwezi mzima bila wa kumweleza.

Nijibu kwanza swali lako: usifunge. Zima programu hiyo leo, nenda kaombe radhi kwa wakwe zako wiki hii, kisha urudi mtandaoni kwa kiasi kile unachoweza kukisimamia na kukijibu mwenyewe. Nianze na linalouma zaidi.

Ukifika mbele ya mawifi zako, usitangulize habari za programu. Ni za kweli, lakini mtu aliyeona sura yako ikicheka wakati baba yake anazikwa hakuona programu, alikuona wewe. Tanguliza radhi: tangazo limetoka kwa jina langu siku ya kumzika baba, ilikuwa juu yangu kulizuia, nimewaumiza, nisameheni. Kisha nyamaza uwasikilize. Wakiuliza lilitokeaje, hapo ndipo ueleze.

Kabla ya safari hiyo kaa na mume wako. Huenda ukimya wake ni majonzi ya baba yake zaidi kuliko hasira juu yako, na hutajua mpaka umuulize. Mwombe akutafutie mkubwa wa kukusindikiza, baba yake mdogo au shangazi yake, kwa sababu radhi kwa wakwe hupokelewa vizuri ikiletwa na mtu mzima. Kama arobaini haijapita, beba unga wa uji wa wageni. Na usiiandike radhi hiyo Facebook. Waliokwazwa ni watu wa ukoo, wana nyumba na wana mlango, uwafuate huko.

Sasa tuione programu yenyewe, maana ukijua inavyofanya kazi utajua pia pa kuiwekea mpaka. Unaandika maneno, unaweka picha, unachagua siku na saa, na posti inakaa kwenye foleni katika kompyuta za kampuni iliyo mbali. Saa ikifika inatoka, hata kama simu yako imezimika. Kwa mtu wa Sumbawanga huo ni msaada wa kweli. Kwa miaka mingi mkoa wetu wa Rukwa umekuwa ukipata umeme kutoka Zambia, na unajua jinsi siku ya giza inavyoweza kusimamisha mashine ya kusaga na chaji ya simu kwa pamoja. Posti iliyopangwa jana haijali giza la leo.

Haijali msiba pia, na hapo ndipo ulipoumia. Foleni yoyote ya posti inahitaji mtu mmoja mwenye jukumu la kuisimamisha. Liwe agizo la duka lako: ikija habari ya kifo, ajali au ugonjwa mzito nyumbani, kitu cha kwanza baada ya kuwapigia simu ndugu ni kusitisha posti zote. Fanyeni hivyo hata kwa misiba ya taifa. Rais mstaafu, Mzee Ali Hassan Mwinyi, alipofariki tarehe 29 Februari 2024, nchi ilitangaziwa siku saba za maombolezo. Duka lililokuwa na matangazo ya vicheko kwenye foleni wiki ile lilitakiwa kuyaondoa kwa mkono. Ndiyo maana nakushauri usipange posti za mwezi mzima. Panga za wiki moja, na kila Jumapili jioni uzipitie moja moja.

Tuje kwenye fedha. Chukua daftari uandike faida unayobaki nayo kwa pakiti moja ya kilo. Tuseme ni shilingi 500. Basi shilingi 65,000 ni faida ya pakiti 130. Kila mwezi unatakiwa kuuza pakiti 130 zaidi ya zile ulizokuwa ukiuza zamani, ndipo programu ijilipie tu, kabla hujaona senti ya jasho lako. Wewe mwenyewe umeniambia mauzo hayajasogea. Kwa hiyo umekuwa ukiilipia kutoka kwenye mtaji, na mtaji wa unga ukiisha hakuna laiki itakayojaza gunia.

Tena kazi unayoilipia inapatikana bure kwa kiwango cha duka lako. Kampuni inayomiliki Facebook na Instagram ina Meta Business Suite, iliyotolewa mwaka 2020, ambayo hupanga posti za mitandao hiyo miwili bila malipo. Buffer, iliyoanza mwaka 2010, ina mpango wa bure unaounganisha akaunti hadi tatu. Hootsuite, iliyoanzishwa Vancouver, Kanada, mwaka 2008, iliondoa mpango wake wa bure mwaka 2023, na bei yake ya chini wakati huo ilikuwa dola 99 kwa mwezi, karibu laki mbili na nusu za kwetu. Programu ya bei hiyo hununuliwa na kampuni zenye akaunti nyingi, matawi mengi na wafanyakazi wa kuzigawana. Wewe una mashine moja na akaunti mbili. Angalizo moja: kuifuta programu kwenye simu hakusimamishi makato. Ingia kwenye akaunti ya malipo, katisha usajili, na uhifadhi uthibitisho wake.

Lipo jambo lingine ambalo mdogo wako hakulitazama. Wateja wako wengi hawanunulii Instagram, wananunulia WhatsApp na kwa kupiga simu, na programu nyingi za kupanga posti hazigusi stetasi yako ya WhatsApp. Umekuwa ukilipa ili usikike pale watu wanapopita, huku pale wanapoagizia pamekaa kimya. Tumia WhatsApp Business, iliyopo tangu mwaka 2018 na ni ya bure. Ina orodha ya bidhaa ambamo utaweka picha, bei na uzito wa kila pakiti. Ina lebo za kutenganisha aliyeuliza, aliyelipa na aliyekwisha kutumiwa mzigo. Stetasi yake hukaa saa 24, na huonwa na mtu ambaye una namba yake naye ana yako. Basi kila anayenunua dukani mwombe kila mmoja ahifadhi namba ya mwenzake.

Mama mkwe wako ameitaja methali nzito, nami simpingi pale ilipo haki yake. Unga mzuri hujiuza kwa jirani anayeuona, anayeugusa, aliyekunywa uji wake kwenye sherehe. Lakini kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Mama wa Mbagala hawezi kupita mbele ya meza yako. Habari ya unga wako lazima imfikie, na kuipeleka si aibu. Mpe mama mkwe wako heshima ya jibu hilo, taratibu, siku radhi itakapokuwa imeshapokelewa.

Ila jiulize mama huyo wa Mbagala anaogopa nini. Kwanza anaogopa kutuma fedha na mzigo usifike. Pili anaogopa mchanga. Anayejua ulezi anajua kwamba ukianikwa au kupurwa chini, uji wake unakwaruza meno. Kwenye dona anaogopa sumukuvu, na ana sababu: mwaka 2016 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu Dodoma na Manyara. Posti ya “cheka na bei” haijibu hata hofu moja kati ya hizo. Piga video fupi ya ulezi ukipepetwa, ukioshwa, ukianikwa juu ya turubai safi. Onyesha mahindi unavyoyachambua, punje mbovu zikiwekwa kando. Onyesha kiroba kikishonwa, kikiandikwa jina na kupakiwa kwenye basi. Mbili za namna hiyo kwa wiki zinatosha, nazo usingoje zisahaulike ndipo upige nyingine.

Weka bei wazi. Acha kabisa kuwaambia watu waje inboksi kuulizia bei. Wengi huondoka wakidhani unataka kuwapima mifuko. Andika bei ya pakiti, bei ya kiroba cha kilo 25, nauli ya mzigo hadi Mbeya na hadi Dar es Salaam, na siku unazotuma. Mteja akilipa, mtumie picha ya risiti ya basi na saa ya kutarajia mzigo. Mzigo ukifika, mpigie. Programu hizi ni kama mpiga debe wa stendi: anaita abiria vizuri, lakini safari ni ya dereva. Dereva ni wewe. Kwa hiyo tenga saa mbili asubuhi na saa moja jioni uwe unajibu jumbe zote, na jibu linalojituma lenyewe, kama utaliweka, liseme tu saa utakapopatikana.

Fedha utakayookoa ina kazi. Nenda ofisi ya SIDO hapo hapo Rukwa. Shirika hilo limekuwepo tangu mwaka 1973, na ndilo linalowaandikia wajasiriamali wadogo barua ya utambulisho kwenda TBS kwa ajili ya alama ya ubora. Alama hiyo kwenye pakiti itamsaidia mgeni wa Mwanza kukuamini kuliko wafuasi wote ulio nao sasa.

Namba za wateja ziandike pia kwenye daftari la karatasi. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa karibu saa sita. Tarehe 12 Mei 2024 hitilafu ya nyaya za baharini iliyumbisha intaneti nchini kwetu. Siku kama hizo mwenye daftari anapiga simu na biashara inaendelea. Lakini namba hizo ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, nayo haikuruhusu kuzigawa kwa mtu mwingine kwa sababu tu wenye namba walinunua unga kwako. Mtu akikuambia hataki matangazo, mfute kwenye orodha siku hiyo hiyo.

Kwenye daftari hilo ongeza safu moja: umetusikia wapi? Muulize kila mteja mpya, dukani na kwenye simu. Andika jibu lake, alichonunua, na kama alirudi. Wafuasi hawakuambii hayo.

Sasa mdogo wako. Alikupa alichokuwa nacho, na kosa la msibani ni lenu wawili: yeye alipanga, wewe hukusoma. Mwite, mwambie ulivyomfokea hukufanya vema, kisha mwambie bila kuzunguka kwamba naye aende kwa wakwe zako akaombe radhi. Kijana hukua kwa kupelekwa mahali pa kuwajibika. Baada ya hapo mpe kazi yenye malipo yanayojulikana: video mbili kwa wiki, na malipo madogo kwa kila agizo jipya lililotokana nazo. Akaunti ziwe kwa namba yako na barua pepe yako. Umpe ruhusa ya kuposti kupitia ukurasa wa Facebook, ambayo unaweza kuiondoa wakati wowote, pasipo kumpa neno la siri. Na hakuna posti itakayotoka kabla hujaiona.

Jipe miezi mitatu kwa mpango huu. Fuata kalenda ya wanunuzi: shule zinapofunguliwa, Ramadhani watu wanapotafuta unga wa uji, na maharage mapya yanapoingia sokoni. Mwisho wa mwezi wa tatu soma safu yako ya daftari. Ikionyesha wateja wa mbali wamekuwa wengi hata jumbe zinakushinda, hapo una sababu ya kulipia chombo cha kukusaidia, na utajua ukilipie kiasi gani. Ikionyesha wengi wametoka kwa majirani waliosifia unga wako, weka nguvu huko na usione haya.

Lakini anza na Laela.

Shangazi yako