Kukadiria Kiasi cha Chakula kwa Kutumia Picha

Mdadisi wa utafiti wa ulaji anapofika katika kaya, swali lake la kwanza huwa jepesi: tangu ulipoamka jana hadi ulipolala, ulikula na kunywa nini? Swali linalofuata ndilo gumu, nalo ni kiasi gani. Hakuna apimaye ugali wake kwa mizani kabla ya kumega tonge la kwanza, na hata angetakiwa kupima, yamkini siku hiyo angekula tofauti na kawaida yake. Kwa sababu hiyo mdadisi hufungua kitabu cha picha na kukuomba umwonyeshe sahani inayofanana na yako.

Picha hizo hazikupigwa ovyo. Chakula kilichokwisha kupikwa hupimwa kwa gramu, hupakuliwa, kisha hupigwa picha kwa pembe inayokaribia ile ambayo mtu aliyeketi huitazama sahani yake. Aghalabu kijiko au uma huwekwa pembeni ili macho yapate kitu cha kulinganisha. Kitabu cha namna hiyo kilichotolewa na serikali ya Uingereza mwaka 1997 kilionyesha vyakula vingi kwa picha nane kila kimoja, kuanzia kiasi kidogo hadi kikubwa. Kitabu cha huko, hata hivyo, hakimfai mlaji wa Dodoma. Viazi vilivyopondwa si ugali, na ugali una namna yake ya kuyahadaa macho: ule ulioinuka katika sahani ndogo waweza kuuzidi uzito ule uliotandazwa katika sahani pana. Tazama kimo, si upana pekee.

Watafiti wamebaini pia kosa lenye mwelekeo maalumu. Aliyekula kidogo huelekea kuchagua picha iliyo kubwa kuliko chakula chake, naye aliyekula kingi huelekea kuchagua ndogo. Sehemu ya kosa hilo hutokana na macho na kumbukumbu, lakini tunaamini kwamba haya nayo huchangia. Mama aliyejipakulia kidogo ili watoto washibe huona tabu kuigusa picha ya kwanza, hasa majirani wakiwa wanasikiliza. Anayo haki ya kuomba mahojiano yafanyike faraghani, naye mdadisi hapaswi kuguna wala kusifu jibu lolote.

Tuchukue mfano. Picha ya pili ina ugali wa gramu 300 na ya tatu gramu 450. Tukikadiria kwamba theluthi ya uzito wa ugali ni unga na sehemu iliyosalia ni maji, tofauti ya picha hizo mbili ni gramu 50 za unga, yaani takriban kilokalori 180. Kwa mlo mmoja si jambo kubwa. Lakini Tanzania ina kanuni za tangu mwaka 2011 kuhusu kuongeza vitamini na madini katika unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula, na kiwango kifaacho cha madini ya chuma katika kila kilo ya unga hutegemea unga ambao watu hula kwa siku. Ulaji ukiandikwa nusu ya ulivyo, kiwango kitapangwa juu kupita mahitaji. Ukiandikwa maradufu, wenye upungufu wa damu watapata kidogo kuliko walivyokusudiwa.

Yako mambo ambayo picha haiwezi kuyaonyesha. Mafuta yaliyokwisha kuingia katika mchicha hayaonekani, ilhali kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina takriban kilokalori 120. Mtaje aliyepika, naye aulizwe yalitiwa vijiko vingapi na chungu kililisha watu wangapi. Sinia nayo ina shida yake, kwa kuwa wanaokula pamoja hawali sawa. Hapo ni afadhali kukadiria kwanza chakula chote kilichokuwamo, kisha idadi ya walaji, kisha ikiwa wewe ulikula sawa na wenzako, zaidi yao au pungufu. Tonge la mtu mzima na la mtoto yasihesabiwe kuwa sawa.

Onyesha picha ya chakula ulichopakua, kisha picha ya kilichobaki; mdadisi atatoa. Ikiwa chakula chako kilikuwa kati ya picha mbili, sema hivyo, usilazimike kuchagua moja. Kwa uji, chai na mchuzi, leta kikombe au bakuli lako mwenyewe, ulijaze maji hadi pale chakula kilipofikia, na mdadisi ayapime maji hayo. Na jambo usilolikumbuka, mwambie kwamba hulikumbuki: fomu yake ina nafasi ya jibu hilo.