Homa Ikishuka, Dozi Bado

Mtoto aliyelazwa Kasulu au Kibondo kwa nimonia kali anaweza kupoa mwili siku ya pili tu ya sindano, akaomba uji na kuanza kucheza. Hapo mzazi aliyetoka Muyama, mwenye watoto wengine nyumbani na maharage shambani, hushawishika kuomba ruhusa. Tunamsihi asubiri. Nimonia kali hutibiwa kwa ampisilini kila baada ya saa 6, hata usiku wa manane, pamoja na jentamaisini mara moja kwa siku, kwa siku zisizopungua 5. Homa ya uti wa mgongo huhitaji seftriaksoni siku 7 hadi 10. Homa hushuka bakteria wanapopungua, wala haingoji waishe. Na jentamaisini ikimezwa haiingii kwenye damu kwa kiasi cha kutosha, kwa hiyo haina vidonge vya kumalizia nyumbani.

Kuna anayeuliza: kipimo kimeonyesha malaria, antibiotiki za nini? Mtoto anaweza kuwa na malaria na bakteria kwenye damu kwa wakati mmoja, na bakteria ndio wanaotisha zaidi. Katika utafiti wa Hospitali ya Taifa Muhimbili wa mwaka 2001 na 2002, kati ya watoto waliokuwa na bakteria wa kundi la gramu hasi kwenye damu walikufa takriban 43 katika kila 100. Wa malaria, 20. Hatari ilizidi pale bakteria walipokuwa sugu kwa dawa aliyopewa mtoto.

Ni kweli, wapo ambao daktari huwahamishia dawa za kunywa mapema. Lakini hufanya hivyo baada ya kuhesabu pumzi, kupima oksijeni kidoleni na kumwona mtoto akinywa bila kutapika. Kiganja cha mama kwenye paji la uso hakipimi hayo. Kumalizia sindano dukani nako hakufai, maana duka la dawa muhimu haliruhusiwi kuchoma sindano. Kama tatizo ni pesa, sera ya taifa inawasamehe ada watoto wa chini ya miaka 5 katika vituo vya serikali. Mwone ofisa ustawi wa jamii kabla ya kuondoka. Wakati huohuo, angalia kanula, yaani mrija wa dawa mkononi mwa mtoto, mara kwa mara: mkono ukivimba, ukiwa mwekundu au mtoto akilia dawa inapoingia, mwite muuguzi papo hapo, usiing'oe mwenyewe. Na baada ya kuruhusiwa, akikataa kunyonya, akipumua haraka au akipata degedege, mrudishe papo hapo, hata kama ni usiku.