Tumbo la Mkeo Likiuma na Hedhi Imekawia

Bwana uliyeoa, ukurasa huu mara nyingi husomwa na bibi peke yake. Leo naomba uusome wewe.

Tuseme ni wiki ya sita au ya nane tangu mkeo alipoona hedhi ya mwisho. Anashikwa na maumivu chini ya tumbo, upande mmoja, na damu kidogo inamtoka. Majirani watasema ni hedhi iliyochelewa, anywe chai ya moto alale. Wako na waume wanaoanza kumhoji: "Umekunywa dawa gani wewe?" Wakati huo huo huenda mwenzako anavuja damu ndani ya tumbo.

Kwa kawaida yai la mama hutungwa mimba ndani ya mrija, kisha mtoto husafiri hadi tumbo la uzazi. Pengine njia hukwama, naye akajishikiza humo mrijani. Mrija ni mwembamba. Akizidi kukua, hupasuka. Jambo hili hupata mimba 1 au 2 katika kila 100. Hakuna daktari awezaye kumhamisha mtoto huyo.

Sababu? Mara nyingi mrija una makovu ya ugonjwa wa zamani, hasa kisonono au klamidia, ambayo huweza kukaa mwilini bila dalili. Walio hatarini zaidi ni aliyewahi kupata mimba kama hii, aliyepasuliwa mirija, aliyeshika mimba akiwa na koili au baada ya kufungwa mirija, avutaye sigara, na aliyepita miaka 35. Lakini karibu nusu ya wanaopatwa hawana hata moja kati ya hayo. Basi usimshtaki mkeo. Na kama ni ugonjwa wa zinaa, jiulize kwanza uliingia nyumbani kwa mlango gani, kisha mtibiwe nyote wawili.

Hospitalini watapima mkojo kuona kama ana mimba, halafu watampiga picha ya ultrasaundi. Ile ya kupitia ukeni huona vizuri zaidi mimba changa. Picha isipoonyesha wazi, damu hupimwa na kupimwa tena baada ya saa 48. Msikasirike mkiambiwa mrudi, rudini.

Akisikia kizunguzungu, akizirai, akitoka jasho baridi au akiumwa kwenye ncha ya bega, hiyo ni damu iliyomwagika ndani. Mpeleke hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu ya kuongeza. Usingoje asubuhi, usingoje mama mkwe, usingoje mshahara. Nenda na ndugu wawili watatu wa kutoa damu.

Hapa Wakatoliki wengi huniuliza: je, si kutoa mimba? Kanisa hukataza kumwua mtoto moja kwa moja. Lakini kuukata mrija ulioharibika ili kumponya mama, ingawa mtoto hufa pasipo mtu kukusudia kifo chake, walimu wa maadili wa Kikatoliki wamekubali tangu zamani. Tia sahihi pasipo hofu. Mimba ikigunduliwa mapema, kabla mrija haujapasuka, daktari aweza kutaja sindano ya methotreksati, au kufungua mrija na kuuacha. Juu ya hizo walimu wa maadili hawajapatana, basi mwulizeni daktari na padre, ikiwa hali inaruhusu. Damu ikiwa inamwagika, hakuna nafasi ya mashauri.

Mkirudi nyumbani, usiseme "haikuwa mtoto." Alikuwa mtoto, naye mama anajua. Mwombeni padre asali pamoja nanyi. Mkeo akiwa na damu ya Rh hasi, ulizeni sindano ya anti-D kabla ya kutoka hospitalini. Wengi hushika mimba tena, hata wakibaki na mrija mmoja, ila hatari ya kurudiwa ipo, kama 1 katika 10. Kwa hiyo mimba ijayo isingoje kliniki ya mwezi wa nne au wa tano. Akikosa hedhi tu, mpeleke apigwe picha mnamo wiki ya sita, nawe ukae naye kwenye foleni.