Kompyuta ya Probox: imekufa au imesingiziwa?

Swali: Fundi, Probox yangu ya kubeba mboga kati ya Kawangware na Kibera inazima ovyo, hasa mvua ikinyesha. Nimeambiwa ninunue kompyuta ya injini. Nifanyeje?

Jibu: Usinunue bado, mama. Kompyuta husingiziwa sana. Fungua swichi bila kupiga stata: taa ya injini isipowaka kabisa, huenda kompyuta haipati moto, au waya hasi unaofungwa kwenye bodi umelegea. Kisha fungua soketi za kompyuta. Ukiona kutu ya kijani, maji yameingia. Skana ikikataa kusoma, fundi achomoe sensa za volti 5 moja baada ya nyingine, kwani moja ikipiga shoti huangusha zote. Hapo ndipo mafundi wengi huchoka na kukuuzia kompyuta.

Ikiwa imekufa kweli, kabla ya kwenda kutafuta nyingine kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, nakili namba yote ya kibandiko chake. Nyingi za Toyota huanza na 89661, na tarakimu za mwisho ndizo hukosesha watu. Ufunguo ukiwa na chipu, kompyuta ya mtumba isiyosajiliwa kwa ufunguo wako haitawasha gari. Muuzaji akikataa kuandika kwenye risiti kwamba utairudisha isipofanya kazi, nenda duka jingine.